Kava la mlango limechorwa: dalili, chanzo na dawa ya mikwaruzo ya plastiki za ndani ya gari

Gari nyingi ninazoletewa hapa Mwanga, Kigoma, hazijakwaruzwa na ajali. Zimekwaruzwa na ndoo. Ndoo ya mawese ya lita 20 ukiiegemeza kwenye mlango wa nyuma wa Probox, kishikio chake cha waya kinachora plastiki tangu Kasulu mpaka unapoishusha. Magunia ya dagaa yanasugua kuta za buti, kreti za soda zinakata kingo za milango, na abiria wa mbele naye ana pete. Mwenye gari anavumilia michoro ile mwaka, miaka miwili, halafu siku moja ananunua kopo la rangi nyeusi na kufika nalo mkononi: "Fundi, nipulizie tu hapa, dakika tano."

Dakika tano zinatosha kupuliza. Hazitoshi kujua unapuliza juu ya nini, na kazi zangu za mwanzo karibu zote ziliharibikia hapo. Kava moja la mlango linaweza kuwa na plastiki tupu sehemu ya chini, plastiki iliyopakwa rangi ya fedha kwenye kishikio, filamu yenye sura ya mbao kwenye swichi za vioo, na ngozi laini ya mpira pale unapoweka kiwiko. Mkwaruzo ni ule ule, lakini dawa ni nne tofauti, na dawa ya kimoja inakiua kingine.

Jua kwanza kilichoumia

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo, kwa kuukata na si kwa kuufuata. Ukucha ukipita bila kusikia kitu, umechubuka uso tu, na huenda hutahitaji rangi kabisa. Ukikwama, plastiki yenyewe imekatwa.

Kisha tazama rangi iliyomo ndani ya mkwaruzo. Kava jeusi lenye mkwaruzo mweusi au wa kijivu ni plastiki nyeusi mpaka ndani. Kava la fedha lenye mkwaruzo mweusi lilipakwa rangi kiwandani. "Mbao" inayoonyesha kahawia tupu bila mistari ni filamu iliyokwisha kutoboka.

Baada ya hapo ligeuze. Nyuma ya karibu kila kipande kuna herufi zilizobanwa katikati ya alama mbili: >PP<, >ABS<, >PC+ABS<, au ndefu kama >PP-TD20<, yaani PP iliyochanganywa na unga wa talki asilimia 20. Herufi hizo ni jina la aina ya plastiki, na nazithamini kuliko maelezo ya muuza rangi. ABS inashika rangi vizuri ikisafishwa na kupigwa msasa. PP haishiki kitu. Uso wake unakataa rangi, gundi na hata stika, na ndiyo plastiki iliyojaa kwenye gari ndogo za Kijapani tunazoendesha.

Herufi zikiwa zimefutika, kwangua kipande kidogo cha nyuma kisichoonekana, ukitupe kwenye bakuli la maji yenye tone la sabuni. PP tupu inaelea, ABS inazama. Ila PP yenye talki nyingi nayo inaweza kuzama, kwa hiyo ikizama usiamini haraka. Chukua asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha (soma chupa, nyingine siku hizi hazina asetoni), uguse nyuma ya kava kwa pamba. ABS italainika na kunata kwenye pamba. PP haitajali. Jaribio hili lifanye nyuma tu. Nimeona kijana akilifanya mbele, katikati ya dashibodi.

Jambo moja kabla hujang'oa kitu. Gari yenye eabegi za pembeni au za usukani, toa waya wa hasi wa betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa soketi yoyote ya eabegi. Na kifuniko chenyewe cha eabegi, iwe usukani au upande wa abiria, usikijaze puti wala kukipaka rangi nzito. Kimetengenezwa kipasuke kwenye mstari maalumu. Kikikwaruzika, kisafishe ukiache hivyo hivyo.

Mstari mweupe kwenye plastiki nyeusi yenye vipele

Huu ndio ugonjwa wa Kigoma. Weupe ule si rangi iliyotoka, kwa sababu hapakuwa na rangi. Plastiki imevutwa na kuchanika kuwa vinyuzi vidogo sana, na mwanga ukipiga pale unatawanyika, basi jicho linaona mweupe. Ndiyo maana ukilowesha kwa maji mstari unapotea, na maji yakikauka unarudi.

Watu wanaufuta kwa dawa ya viatu. Inapendeza siku tatu. Siku ya nne imehamia kwenye shati la abiria, na nta yake imeingia kwenye vipele. Siku utakapotaka kupaka rangi ya kweli, nta hiyo ndiyo itakayokukwamisha.

Kama ukucha haukwami, jaribu joto kabla ya rangi. Osha, kausha, kisha tumia hitigani, ile bunduki ya kupuliza hewa ya moto, kwa moto mdogo ukiwa umbali wa sentimita 15 hivi, mkono ukitembea muda wote. Draya ya saluni nayo inasaidia mikwaruzo myepesi, ila inahitaji subira. Vile vinyuzi vinalainika na kulala, na weusi unarudi wenyewe bila rangi yoyote. Tazama mng'ao: plastiki ikianza kung'aa kuliko jirani yake, ondoa mkono, vipele vimeanza kuyeyuka na havirudi. PP inayeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na hitigani inafika huko ukiwa unasalimiana na mtu dirishani.

Ukucha ukikwama, joto litapunguza weupe lakini mfereji utabaki. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni kukata yale manyoya yaliyosimama kwa wembe mpya, ukiulaza, kisha kupasha joto na kuridhika. Kwa buti ya gari inayobeba dagaa kila siku, mimi nashauri hii, hata kama inanipunguzia kazi. Ya pili ni kujaza, na ukishajaza lazima urudishe ngozi, jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka wameshaharibu.

Ukijaza, tumia puti (uji wa kuziba mifereji) ya plastiki, ile inayokubali kupinda kidogo, si puti ya bati. Puti ya bati inakauka ngumu, na kava likipigwa na mlango inatoka kipande kizima kama kigae. Piga msasa namba 400 kufuata mstari tu, praima ya plastiki (mkono wa kwanza wa kushikisha rangi), puti nyembamba, tena 400, malizia 600. Sasa una kipara laini katikati ya vipele. Ukipaka rangi nyeusi juu ya kipara hicho, kila mtu atakiona kwa mbali kuliko alivyouona mkwaruzo.

Kurudisha vipele: kuna makopo ya rangi yenye ngozi, yale ya bampa. Ukikosa, rudisha kopo la kawaida nyuma mpaka sentimita 40 au 50, puliza vumbivumbi. Rangi inafika ikiwa nusu kavu na kukaa chembechembe. Jaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki mbovu. Ikipatana na jirani, subiri ikauke, kisha paka rangi mati, yaani isiyong'aa, kava zima mpaka kwenye ungio lake. Kiraka cha nusu kava siku zote kinaonekana, hasa jua la saa 10 linapoingia kwa pembeni.

Nyeusi inayong'aa imejaa mistari ya nywele

Hii ni ile nyeusi ya kwenye redio na gia, yenye klia juu, yaani tabaka angavu la kung'arisha na kulinda rangi. Chanzo chake karibu kila mara ni kuifuta vumbi likiwa kavu. Vumbi letu jekundu lina mchanga ndani yake, na fulana ya zamani ikishakuwa na mchanga ni msasa.

Hapa usipake rangi. Lowesha, safisha, kisha tumia kompaundi laini, ile dawa nzito ya kung'arishia rangi, kwa mkono na kitambaa laini, duara ndogo bila nguvu. Kama mistari inakamata ukucha kidogo, tangulia na msasa wa maji 2000, kisha 3000, halafu kompaundi. Kuwa mwepesi kwenye kingo, huko klia ni nyembamba na ndiko inakotoboka kwanza. Usitumie mashine ya kung'arisha bodi ya nje. Klia ya ndani si nene kama ya boneti.

Rangi ya fedha inabanduka vipande vipande kwenye kishikio

Chanzo ni kucha, pete, jasho na mafuta ya kupaka mikononi. Rangi ikishaanza kuachia kwenye ukingo mmoja, iliyobaki nayo iko njiani, hata kama inaonekana nzima. Bandika tepu juu yake, ivute kwa nguvu. Ikija na rangi, usijidanganye kwa kulainisha ukingo na kupaka juu. Utarudi baada ya miezi miwili. Ondoa yote kwa msasa 320, halafu 600, halafu anza upya.

Usiiondoe kwa petroli wala mafuta ya breki, ingawa utaambiwa ni haraka. Ni haraka kweli, lakini ABS ikinywa petroli inapata nyufa ndogo ambazo hutaziona leo. Utaziona siku kishikio kitakapokatika mkononi.

"Mbao" imekwaruzika

Kama mkwaruzo uko kwenye klia tu, fanya kama kwa nyeusi inayong'aa. Kama umefika kwenye mistari ya mbao, acha msasa. Mistari ile ni filamu nyembamba, na ukiisugua unazidi kuipoteza. Huwezi kuichora kwa brashi ikakubali, nimejaribu. Tafuta kipande kutoka gari lililokatwa, au funika chote kwa stika ya mbao.

Krome imechubuka

Ng'oa kwa uangalifu, ukingo wake unakata kama wembe. Badilisha kipande au kifunike. Rangi ya kopo iliyoandikwa "krome" inakaa kama sufuria ya alumini.

Plastiki inanata, mikwaruzo inajichora yenyewe

Mteja anadhani ni uchafu, anaosha kila wiki, na kila wiki inanata zaidi. Huu si uchafu. Baadhi ya gari zilipakwa tabaka laini la mpira ili pakiguswa paonekane pa bei, na tabaka hilo likikaa miaka kwenye joto na unyevu linaoza na kugeuka ulimbo. Dashibodi ya gari iliyoegeshwa juani inaweza kupita nyuzi 60, na sisi ziwa liko hapo, unyevu haukosekani. Kila kinachogusa kinaacha alama: ufunguo, simu, kucha za mtoto.

Hakuna rangi inayokaa juu ya ulimbo. Tabaka lote litoke. Ng'oa kipande, ukisugue kwa spiriti na kitambaa cha pamba, utabadilisha vitambaa vingi mpaka uchoke. Chini yake kwa kawaida kuna ABS ngumu, safi, na mara nyingi nyeusi ya kupendeza kiasi kwamba haihitaji rangi. Wateja wawili kati ya watatu wakiiona hivyo wanasema iache.

Umepaka, na rangi imejaa vishimo vya mviringo

Mafundi wanaviita macho ya samaki, na kwa watu wa ziwani jina halihitaji maelezo. Rangi inapuliziwa vizuri, halafu mbele ya macho yako inajitenga na kuacha duara ndogo zinazoonyesha plastiki ya chini. Chanzo ni mafuta. Kwa hapa kwetu ni ya aina mbili.

Ya kwanza ni polishi ya dashibodi, ile inayouzwa vituo vya mafuta na kupulizwa na waosha magari ili ndani kung'ae. Nyingi zina silikoni. Silikoni haitoki kwa maji, na ukianza kupiga msasa kabla ya kuiondoa, unaisukumia ndani ya mikwaruzo ya msasa. Kwa hiyo mpangilio ni huu na haugeuzwi: osha kwa sabuni ya maji na brashi, suuza, kausha, futa kwa kiondoa nta na grisi cha wachora magari au kwa spiriti, *ndipo* msasa, kisha futa tena. Unapofuta tumia vitambaa viwili, kimoja kilicholowa na kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla dawa haijakauka. Ukifuta na kuacha ikauke yenyewe, mafuta yanabaki pale pale, yametandazwa tu.

Ya pili ni mawese, na hii ilinifundisha adabu. Mama mmoja anayechukua mzigo vijijini aliniletea Probox, kava la mlango wa nyuma limechanwa vibaya. Nikaliosha, nikalifuta, nikapiga msasa, praima, mikono mitatu ya rangi. Jioni lilikuwa zuri mno, nikalipiga picha. Kesho yake nikaliegemeza ukutani juani likauke zaidi. Saa 7 mchana narudi kutoka kula, kuna kitu cha rangi ya machungwa kinachuruzika kutoka kwenye wavu wa spika, na kuzunguka kila tundu la klipu rangi imeinuka kama malengelenge.

Nikampigia. "Mama, gari hili liliwahi kumwagikiwa na mawese?"

"Eh, mwanangu, ni zamani! Ndoo ilipinduka mwezi wa Ramadhani. Lakini nilifuta yote."

Alifuta, kweli. Lakini mawese ya baridi ni mgando. Yanaanza kuyeyuka vizuri kwenye nyuzi 35 hivi, yaani asubuhi yanalala ndani ya maungio na matundu kama siagi, huyaoni wala kitambaa hakiyafiki, na jua likipanda yanatembea. Mimi nililiosha kava lile saa 1 asubuhi kwa maji ya bomba.

Siku hizi kava lolote lililobeba mzigo nalilaza juani saa nzima kabla ya kuliosha, uso chini, nione kinachotoka. Kisha maji ya moto ya kuweza kuvumilia mkono, sabuni ya kuoshea vyombo, na mswaki wa zamani kwenye kila tundu na nyuma ya wavu wa spika. Spika na sifongo za kuzuia kelele zinatoka kwanza. Sifongo ikishakunywa mawese itupe. Baada ya kupiga msasa, mimina maji juu ya uso. Yakitandaa kama karatasi na kukaa hivyo, pako sawa. Yakijikusanya matone mahali pamoja huku kwingine yametandaa, matone yanakuonyesha mafuta yalipo. PP tupu hujikusanyia matone kila mahali hata ikiwa safi, kwa hiyo kwake tafuta tofauti kati ya sehemu na sehemu.

Vishimo vikishatokea, usipulize mkono mwingine mzito ukidhani utaviziba. Unavizungushia ukuta tu. Acha ikauke kabisa, shusha kwa msasa mpaka chini, safisha upya.

Rangi inatoka kama ganda la yai

Ukianza na ukucha, inakuja shuka nzima, na plastiki chini yake ni safi kana kwamba hujaigusa. Hiyo ni PP iliyopakwa bila praima ya plastiki. Praima ya kawaida ya bati haisaidii. Inabanduka pamoja na rangi.

Praima ya plastiki ni nyembamba, karibu maji, na inapulizwa mkono mmoja au miwili hafifu. Haifuniki kitu na haitakiwi kufunika. Vijana wanaona haijabadilisha sura, wanaongeza na kuongeza mpaka inakuwa nene, ikishakuwa nene nayo inabanduka. Fuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Nyingine zinataka rangi ipigwe juu yake ndani ya dakika chache zikiwa bado mbichi, nyingine zinataka zikauke, na huwezi kujua kwa kuangalia.

Nikimaliza kava la PP nasubiri siku moja, nachora mistari ya msalaba kwa wembe mahali patakapofichwa na siti, nabandika tepu, navuta. Miraba ikibaki, kava linarudi garini.

Rangi nyeusi imepauka kama imepakwa ukungu

Kazi ya masika. Thina inayokauka haraka inaondoka na joto la uso, uso unapoa, na unyevu wa hewani unaganda juu ya rangi mbichi. Kuanzia Novemba hadi Aprili hewa ya hapa inabeba maji ya kutosha kuharibu kila mkono wa rangi unaopigwa alfajiri au baada ya mvua. Mimi napiga kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwenye kivuli, siku yenye jua. Karibu na Kibirizi au Katonga, ambako ziwa liko mlangoni, nisingepiga jioni hata kwa malipo mara mbili.

Ikishapauka, usifute. Ngoja siku kavu, pitisha mkono mmoja hafifu wa rangi iliyochanganywa na thina ya polepole. Mara nyingi ule mkono unalainisha wa chini, unyevu unatoka na weusi unarudi. Kwa rangi ya kopo hakuna cha kuchanganya, kwa hiyo piga msasa 800 na mkono mpya.

Ganda la chungwa, michirizi, mikunjo

Ganda la chungwa, yaani uso wenye vibonyeo kama ngozi ya chungwa: kava lilikuwa la moto, au ulisimama mbali, rangi ikakauka kabla ya kutandaa. Liondoe juani, likae kivulini nusu saa kabla. Kopo likae sentimita 20 hadi 25.

Michirizi: ulisimama karibu, au mkono ulisita mwisho wa mstari. Anza kupuliza kabla ya ukingo, umalizie nje yake. Acha mchirizi ukauke kabisa ndipo uushushe. Ukiugusa mbichi unachimba shimo.

Mikunjo kama ngozi ya mzee: rangi ya juu imekula ya chini. Ama ulirudia mkono wakati ule wa chini umeanza kukauka nusu, ama umeweka rangi ya thina kali juu ya rangi ya mafuta. Makopo ya aina mbili yasikutane kabla hujayajaribu kwenye kipande kibovu.

Na vumbi: mwagia maji sakafu ya banda kabla ya kupuliza, na usipige wakati bajaji zinapita mlangoni. Kiangazi, upepo ukiamka mchana, mimi naacha.

Nikiwa hapo hapo kwenye hewa. Rangi ya kopo inataka uwazi, si ndani ya gari milango imefungwa. Rangi na klia za kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuzigandisha, ni jambo jingine kabisa. Moshi wake unaharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii hata kidogo. Inatakiwa ile yenye vichujio vya mkaa, mpya, iliyobana uso. Ambaye hana, atumie rangi ya kawaida isiyo na hadina na avumilie kwamba itadumu kidogo pungufu.

Mistari ya msasa inaonekana chini ya rangi

Uliruka namba. Kutoka 180 kwenda moja kwa moja kwenye rangi hakufichwi na mkono wa tano, na rangi ya fedha ndiyo inayotangaza zaidi. Panda 320, 400, 600, na kwa rangi inayong'aa 800.

Rangi haifanani na jirani

Kwenye kibao cha maelezo ya gari cha Toyota kuna mstari ulioandikwa C/TR. Namba ya kwanza ni ya rangi ya nje, ya pili ni ya ndani. Ni mwanzo mzuri, ila plastiki yenye miaka 15 juani si ile iliyotoka kiwandani. Kijivu kimeelekea unjano, krimu imeelekea kahawia. Linganisha kwa macho, mchana, nje, na kipande kilichooshwa. Nimeshawahi kuchanganya rangi ikapatana kabisa na kava chafu.

Mara nyingi tofauti si ya rangi, ni ya mng'ao. Nyeusi yako ni sahihi lakini inang'aa, na plastiki za gari karibu zote ni mati. Badilisha kopo kabla ya kulaumu macho.

Umerudisha kava, sasa linapiga kelele

Kwanza ulirudisha mapema. Rangi ya kopo inakauka kuguswa ndani ya nusu saa, lakini bado ni laini ndani kwa siku kadhaa, na ukibana kava mbichi ukingo wake unagandana na jirani, halafu kila ukipita kwenye shimo unasikia *twi, twi*. Kwa wateja wangu wa dagaa nawaambia walete gari siku za mbalamwezi, wakati mitumbwi haiingii ziwani na gari halina mzigo. Napata siku tatu, nne, za kuliacha kava likauke bila simu ya "fundi, bado?"

Pili ni klipu. Za zamani zikishapigwa na jua zinakatika ukizing'oa, na ukirudisha kava kwa klipu nne badala ya saba litacheza. Nunua kabla ya kuanza. Kama kilichokatika ni mguu wa plastiki unaoshika klipu, na kava ni ABS, kwangua unga wa ABS kutoka kipande kibovu, uuloweshe kwa asetoni mpaka uwe uji, paka kama gundi, uache usiku kucha. Unashika vizuri sana. Kwa PP uji huo haufanyi kitu, na supa glu vilevile. PP inaunganishwa kwa joto: pasi ya kulehemu waya, kipande cha PP nyingine cha kuongezea, na dirisha wazi kwa sababu ya moshi.

Ukishafunga, endesha taratibu kwenye barabara yenye mawe huku mwenzako amekaa nyuma akibonyeza kava kwa kiganja, sehemu baada ya sehemu. Pale kelele itakaponyamaza chini ya kiganja chake, ndipo klipu haijaingia. Fungua hapo tu, using'oe kava zima tena.